Alhamisi saa kumi, juu ya kichuguu

Ndugu zangu wa huku mtandaoni, akili yangu bado inakataa, lakini niandike tu. Deo wetu amefariki Jumapili alfajiri, hospitalini, kwa ugonjwa wa moyo.

Na mnisamehe kwa hili. Niliposikia ni moyo, nilikaa chini kwenye vumbi nikamshukuru Mungu.

Kwa msiomjua, Deo nilipokea naye ndoo za asali pale kituoni kwetu Mpanda miaka sita, meza moja. Yeye Mpimbwe wa Kibaoni, muimba besi kanisani. Mimi Msukuma wa ng'ombe, naye alikuwa akiniambia asali naijulia kwenye chai tu.

Miaka mitatu iliyopita alimtuma mdogo wake, Petro, alete ndoo kutoka kambi ya warina asali. Pikipiki ikamwangusha njiani. Petro hakurudi.

Deo akazimika. Hali chakula, halali usiku, anapima ndoo ileile mara tatu. Siku moja tunafunga stoo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sioni sababu ya kuamka kesho."

Nikamwambia apige moyo konde. Ndiyo ushauri pekee niliokuwa nao, na naona aibu mpaka leo.

Aliyemuokoa ni dada yake, Skola. Alisikia redioni kuna washauri wanaoongea na watu kwa simu. Kwenda kuonekana hospitali ya mjini Deo alikataa, maana mtaani kwetu Majengo ukikohoa tu jirani anakuuliza unatumia dawa gani. Na mtaalamu wa mambo hayo kumfuata mkoa mwingine ni basi la kutwa nzima. Simu alikuwa nayo mfukoni.

Alianza kwa kuandika tu. Mwezi mzima hakutoa sauti, wanachati na mama mmoja mshauri ambaye hata Katavi hajawahi kufika. Zikaja voice note, kisha simu, kila Alhamisi saa kumi jioni. Video aliikubali mwisho kabisa, na siku hiyo alinyoa ndevu kama anaenda kuposa.

Nilidhani ni maongezi tu, kumbe kuna na homework. Daftari, upande mmoja unaandika wazo linalokutesa, upande wa pili kilichotokea kweli. Alinionyesha ukurasa mmoja. Huku: "Nimemuua Petro." Kule: "Nilimtuma alete ndoo. Sikumtuma afe."

Yule mama alikuwa mkweli pia. Alimwambia simu ina mpaka wake, ukizidiwa unakwenda hospitali, na lazima uwe na mtu wa karibu wa kukuangalia. Deo akaniandikisha mimi bila hata kuniuliza.

Basi kila asubuhi saa kumi na mbili namtumia, "Umeamka?" Naye anajibu, "Nimeamka, nyie je?" Nilikuwa naishi peke yangu, lakini alinisalimia kama nina ukoo mzima ndani.

Sasa niwape ya kichuguu. Msimu wa kurina tulikaa kambini pori la Ugalla wiki tatu, yeye akirina mizinga yake, mimi nikipokea ndoo, na mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu. Ikifika Alhamisi saa kumi Deo anapanda, earphone masikioni. Anavuta pumzi, anahesabu, anaitoa polepole. Anaongea, anafuta machozi, anashuka.

Warina asali wenzetu walikuwa wanamtazama tu. Na msimu ule mizinga yake ilijaa kuliko ya mtu yeyote. Wakafunga kesi: huyu anaita nyuki.

Ijumaa asubuhi tukakuta wanaume watatu wazima wamejipanga juu ya kichuguu, wanapumua.

Deo alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Petro afariki. Kisha akawaambia, "Jamani nyie, mimi siiti nyuki. Nilikuwa nataka kufa. Pale naongea na mshauri."

Halafu Masanja, mmoja wa wale watatu, mtu mwenye wajukuu, akauliza, "Huyo mama anajua Kisukuma?"

"Kiswahili tu, baba."

"Basi nitajikaza hivyohivyo. Nipe namba."

Jumapili nilituma "Umeamka?" kama kawaida. Kimya. Saa moja nikapiga, inaita tu. Nikapanda bodaboda kwenda kwa Skola, alikokuwa anaishi Deo, na njia nzima nilikuwa najua ninachokwenda kukuta. Nilijilaumu kabla sijafika.

Skola alinikuta getini. Alinisoma usoni akanishika mkono. "Hapana, kaka. Siyo hicho unachofikiria. Kifua kilimbana jana jioni tukamkimbiza hospitali, simu ikabaki kwenye chaji. Amefariki alfajiri, ni moyo. Alikuwa anamwomba daktari amsaidie. Alisema ana mizinga kumi mipya hajaitundika."

Alikuwa anataka kupona. Mwenzangu aliyekuwa haoni sababu ya kuamka, ameondoka akiitaka kesho. Nimelia sana, lakini ni kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Jana Skola alinipa simu ya Deo nimpigie yule mama nimjulishe. Akatoa pole. Kisha akauliza, "Na wewe unalala?" Nikasema mimi niko sawa. Akasubiri tu, vilevile Deo alivyokuwa akinisimulia. Nikajikuta nimeongea dakika arobaini.

Kwa hiyo ile Alhamisi yako saa kumi nimeichukua mimi, Deo. Daftari nimeshanunua. Unayesoma hapa na unapima ndoo ileile mara tatu, usione haya, anza hata kwa kuandika.

Leo saa kumi na mbili asubuhi simu yangu imelia. Ni Skola: "Umeamka?"

Nimemjibu, "Nimeamka, nyie je?"

Lala kwa utulivu, ndugu yangu. Huku tumeamka.