Spana Ndani ya Taulo

Mume wa mjukuu wangu tulimwita Spana. Alizaliwa ameshika kitu mkononi. Mkunga alidhani ni kipande cha kitovu, kumbe ni nati. Mama yake alikana habari hiyo mpaka anaingia kaburini, lakini siku ile mama yake alikuwa na kazi nyingine, hakuwa na nafasi ya kutazama. Mimi nilisimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mkunga mwenyewe, kwa hiyo msinibishie.

Alikuwa fundi bomba. Hata akiwa amelala fofofo, koki ikivuja mtaa wa tatu, sikio lake lilisimama kama la sungura. Nyumba za watu alizikausha zikawa kavu kama mkate wa juzi. Ya kwake ndiyo ilivuja. Sijapata kuona fundi bomba ambaye bafuni kwake hakuna ndoo.

Koki ya bafuni kwao ilikuwa inadondosha: ti, ti, ti, mchana na usiku. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na huyo tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwekewa kufuli. Chiriku alikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu. Alikitega chini ya koki, akachuchumaa kukingoja kijae huku akikiimbia, kisha akamletea mama yake. Mama alikunywa hata kama hana kiu.

"Baba, hii koki utaitengeneza lini?"

"Kesho, mama."

"Kesho ipi? Kesho ya jana au kesho ya kesho?"

Kila mtu alicheka. Tangu hapo akawa hamwiti Baba, anamwita Baba Kesho. Na mjukuu wangu, kama ilivyo, alimwita mumewe Baba Chiriku, naye Spana akamwita Mama Chiriku. Nyumba nzima ilikuwa inaitana kwa jina la mtoto.

Kisha homa ikaja ikamchukua Chiriku kabla hatujajua hata ni homa gani.

Siku ya mazishi watu walijaa uani. Jeneza lilikuwa dogo, mtu mmoja angelibeba kwapani. Wanaume walikuwa wamekwishasimama, wanamngoja baba. Baba hayupo. Mjomba wa mtoto akamtafuta vyumbani, akamtafuta nyuma ya nyumba, mwishowe akamkuta bafuni, amepiga magoti chini ya koki, spana mkononi, anakaza.

"Shemeji, watu wanakungoja."

"Namalizia tu," Spana akasema, hakugeuka.

Jeneza likangoja. Mjukuu wangu alisimama mlangoni pa bafu akautazama mgongo wa mumewe. Hakulia. Ila tangu siku ile hakumwita tena Baba Chiriku. Alimwita "wewe". Wewe, chakula. Wewe, mlango unagongwa.

Wakaishi hivyo muda mrefu. Siku moja mjukuu wangu akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Bibi, naondoka."

"Kakupiga?"

"Hajanipiga. Hajanigusa. Hajanisemesha. Nikilia, anainuka kwenda kukaza kitu. Nyumba nzima imekazwa, Bibi, hata madirisha hayafunguki. Kaka amenitafutia chumba."

Nilimwambia, "Mke mwenzangu, usiniachie huyu mume peke yangu, mimi nimezeeka, simwezi." Kwa kawaida neno hilo humfanya anipige kofi la mzaha. Safari hii hakutabasamu. Hapo nikaogopa.

Nina mjukuu mwingine, huyo ana kazi ya kusafisha fleti za wageni ufukweni. Msimu ulikuwa umekwisha, fleti zimekaa tupu, naye mwenye nyumba ni mtu mzuri. Nikawatungia uongo. Nikasema mwenye nyumba anatafuta mume na mke wakae siku chache, walale, wapike, wafungue madirisha, maana nyumba isipolaliwa na mume na mke kuta zake huota ukungu. Spana, ambaye anajua kuta kuliko mtu yeyote, alinitazama sana. Lakini hakukataa.

"Nenda naye," nikamwambia mjukuu wangu. "Mkirudi kama bado unataka kuondoka, sanduku lako nitalibeba mwenyewe mpaka kwenye hicho chumba."

Akakubali kwa sharti moja: sanduku la vifaa libaki. Spana akaniletea mwenyewe. Lilikuwa zito kama dhambi za jirani. Alilikabidhi kama mtu anayemwacha mtoto kwa mlezi, akaondoka mikono ikining'inia, haijui pa kukaa.

Ambacho sikukijua mimi, wala mkewe, ni kwamba spana moja ilikuwa imelala ndani ya taulo lake.

Haya ya ufukweni nilisimuliwa na mke, nikasimuliwa na mume, na palipobaki tundu nimeziba mwenyewe.

Fleti ilikuwa ghorofa ya juu. Kulikuwa na meza ya kioo, picha ya makombe ya baharini ukutani, na kitanda kipana hata watu wawili wangeweza kulala mwaka mzima bila kufahamiana. Ukifungua mlango wa roshani, bahari yote iko mbele yako. Mchanga mweupe, maji ya kijani karibu na ya bluu mbali, na hewa ambayo watu hutoka nchi za mbali kuja kuivuta. Mjukuu wangu alisimama pale akavuta pumzi ndefu.

Spana alikaa roshani hiyohiyo. Ila aligeuza kiti. Bahari aliipa mgongo, uso akauelekeza jikoni.

Jikoni koki ilikuwa inadondosha.

Tena chini ya sinki mtu alikuwa amefunga bomba kwa mfuko wa plastiki na kamba ya kiatu. Spana alipofungua kabati na kuona ile kamba ya kiatu, machozi yalimlengalenga. Mkewe akamwona.

"Hata mtoto wako hukumlilia hivyo," akasema.

Spana akafunga kabati.

Siku hiyo ikapita kwa "wewe, chumvi" na "wewe, sabuni". Asubuhi iliyofuata mjukuu wangu alichukua kanga yake, akasimama mlangoni.

"Nashuka ufukweni. Njoo tukae, tuongee. Leo, wewe. Nikipanda ngazi hizi hatujaongea, nafunga mizigo."

"Tangulia," Spana akasema. "Nakuja."

Na alikuwa anakuja kweli, tusimsingizie. Alivaa ndala. Akachukua taulo begani. Spana ikachomoka, ikaanguka sakafuni kwa mlio, kengele ya shule haifiki pale. Akainama kuiokota. Na alipokuwa ameinama, akasikia ti.

Akajiambia, mzunguko mmoja tu.

Huku chini mjukuu wangu alikuwa ametandika kanga mchangani. Upande mmoja akakaa, upande wa pili akaubana kwa kandambili usipeperuke, ndiyo nafasi ya mumewe. Mawimbi yanakuja yanarudi. Watu wawili wazee walipita wameshikana mikono, wakamwamkia. Mbwa akapita. Jua likapanda mpaka kivuli chake mwenyewe kikamwingia chini ya miguu. Upepo ukainua upande ule wa kanga na kandambili yake juu. Hakuurudisha chini. Aliikunja kanga, akapanda kwenda kufunga mizigo.

Kwenye ngazi akakutana na maji yanashuka. Yanashuka kwa adabu, kidato kwa kidato, na ndala za Spana zinatangulia kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Wanasema palikuwa na samaki wadogo ndani yake. Hilo siliapii, lakini silikatai.

Akasukuma mlango.

Spana alikuwa amepiga magoti chini ya sinki, mgongo nje. Nati kuukuu ilikuwa imepasuka, bomba limechomoka kwenye ile kamba ya kiatu, naye alikuwa amekimbia kwenye koki kuu, akaikuta ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, maana wageni walikuwa wakiichezea. Ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi wa jengo, na msimamizi yuko sokoni. Akarudi, akalikaba bomba kwa taulo na viganja viwili. Maji yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Mjukuu wangu aliona mgongo ule. Mgongo uleule, magoti yaleyale. Aliniambia, "Bibi, niliona kama jeneza liko nyuma yangu tena, linangoja."

"Wewe!" akapiga kelele. "Wewe, toka hapo!"

"Siwezi. Nikiachia, fleti ya chini inajaa."

"Achia!"

"Siwezi."

Akaenda chumbani. Maji yamemfika vifundoni. Akalitupa sanduku kitandani, akaanza kutupia nguo, zilizolowa na kavu pamoja. Spana alisikia zipu inavutwa.

"Usiondoke."

"Nizuie basi."

"Nimeshika bomba."

"Ndiyo maana naondoka."

Akatoka na sanduku, likiburuta mawimbi nyuma yake. Akafika mlangoni. Na Spana, ambaye kila mkewe alipolia alipata pa kukimbilia, safari hii hakuwa na pa kwenda. Mikono yake yote ilikuwa imefungwa. Kilichobaki huru ni mdomo.

"Aliniuliza tena," akasema.

Mjukuu wangu akasimama. "Nani?"

"Asubuhi ile. Wewe ulikuwa umekwenda kutafuta gari la hospitali. Anaungua, macho hayafunguki. Akasema, 'Baba Kesho, leo ndiyo kesho?'"  Maji yakaongea peke yake kidogo. "Nikamwambia kesho. Nikamwambia kesho, mama. Nilikuwa nimezoea."

Sanduku likatua majini.

"Ningembebaje?" Spana akasema. "Niambie. Ningembeba vipi mpaka kule, na ile koki bado inadondosha?"

 Mjukuu wangu alikaa palepale kwenye maji, na nguo zake zote, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Unajua nilitaka nini siku ile?" akasema. "Nilitaka nikitoka makaburini niingie bafuni, nifunge mlango, nichukue kikombe chake nikitege. Nisikie ti, ti. Basi. Hicho tu ndicho kilichonifanya nikatembea mpaka kaburini na kurudi. Nikarudi, nikakitega. Nyumba imenyamaza. Nilingoja mpaka asubuhi, hata tone moja. Ulikuwa umeikaza kama unamkaba mtu."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa umeshika spana."

Spana akaweka paji la uso kwenye mlango wa kabati. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na taulo likaanza kuteleza, maji yakaruka mpaka darini. Mjukuu wangu akaja kwa magoti, akajipenyeza chini ya sinki pembeni yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mumewe, akabana. Walilia hivyo, wamekumbatia bomba, wala hakuna aliyeweza kumfuta mwenzake.

Msimamizi aliporudi na kapu lake la nyanya, alisikika tangu chini. "Jamani! Bahari si ilikuwa palepale nje? Mngeshuka, kuliko kuipandisha ngazi!" Akafungua kufuli, akafunga koki kuu. Maji yakakata. Hata hivyo, ilibidi awaite mara kadhaa kabla hawajaachia.

Likizo iliyobaki waliimaliza kwa kudeki. Walikamua zulia, wakaanika godoro roshani, wakaomba radhi fleti ya chini. Ufukweni hawakushuka tena. Kuongea nako hawakuongea sana. Mjukuu wangu aliniambia maneno yalikuwa yamekwisha yote chini ya sinki. Usiku alilala kwenye ukingo wake wa kitanda, naye mumewe kwenye wake, na sanduku lilibaki limefungwa.

Waliporudi nilikuwa nawangoja kwao, na sanduku la vifaa miguuni. Nilikuwa na maneno yangu ya utani tayari: "Mume wangu, nasikia umekwenda pwani ukaogea jikoni." Nilipoona nyuso zao nikayameza.

Mjukuu wangu aliweka sanduku lake mlangoni. Hakuliingiza ndani wala hakulitoa nje. Akaenda moja kwa moja bafuni. Tukasikia mlango wa kabati unafunguliwa.

"Baba Chiriku," akaita.

Spana alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mkononi. Tangu mazishi jina hilo halikuwa limetamkwa mle ndani.

"Naam, Mama Chiriku."

"Njoo uilegeze."

Nikamfungulia sanduku la vifaa. Aliondoka na spana kubwa, akaenda akapiga magoti palepale. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuharibu koki hata moja, hata ya adui. Chuma kiligonga chuma. Aligeuza kidogo, hakuna kitu. Akageuza tena. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa, ameshika kikombe cha bluu.

Ti.

Halafu kimya kirefu, nikadhani ndiyo basi.

Ti.

Hawakutazamana. Walikaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukutani, wakikiangalia kikombe kinavyojaa. Kilijaa, kikafurika, na hakuna aliyeinuka kukimwaga.

Nilikuwa nimeahidi kulibeba lile sanduku mwenyewe. Nililiruka pale mlangoni nikaenda zangu, mikono mitupu, na mpaka nafika barabarani nilikuwa bado naisikia ile koki. Masikio yangu si mazuri, lakini hiyo niliisikia.