Roketi ya Sombe

Juzi, kwenye harusi ya jirani hapa Bunia, fataki za kijani zilipasuka angani, nikamkumbuka yaya Furaha, dada yangu mkubwa, na roketi ya karatasi aliyoijaza baruti ya viberiti tulipokuwa watoto.

Mchana ule nilimwambia, "Yaya, tuweke sombe, moto itatoka ya kijani."

Hakunicheka. Aliniacha nitwange hayo majani ya muhogo mpaka mikono ikanuka ubichi, tukaipaka roketi yote. Alipoiwasha, haikuruka. Ilipasuka palepale uani kwa kishindo kikubwa. Mama akatoka jikoni mbio, akatuangusha, akatulalia.

"Mulale chini. Musiinue kichwa."

Nilidhani anacheza nasi. Leo najua alidhani ni risasi, maana alishakimbia vita mara mbili. Moyo wake ulikuwa unagonga mgongoni kwangu, nami nilikuwa nacheka.