Siku Lumir Pesek Alipotoa Pikapu Yake

Lumir Pesek alikuja kwenye yadi yetu ya magari mara tatu bila kushuka. Anaingia na pikapu yake, anapita taratibu mbele ya ofisi, anayatazama yale magari madogo kama mtu anayetazama watoto wa wenzake wasio na adabu, kisha anatoka zake. Mara ya nne alishuka, na kule kushuka peke yake kulitosha kunieleza shida yake. Aligeuka, akashika mlango kwa mikono miwili, akateremsha mguu wa kulia polepole huku akiitafuta ardhi, na alipoipata akabaki amesimama pale akipumua na kujifanya anakagua tairi.

Wakati huo nilikuwa nauza magari kwa Kip Dostal, kwenye barabara kuu inayotoka mjini kwetu kwenda Omaha. Nilikuwa na nusu ya diploma ya biashara, na Kip alisema nusu inatosha, kwa kuwa nusu nyingine ndiyo inayofanya watu wadai mshahara.

"Mzee Pesek," nikamwambia, "leo tumebarikiwa na nini?"

"Nimekuja kubadilisha."

"Oili?"

"Gari, mtoto wa Rudy. Usinifanye niseme mara mbili."

Nilidhani ananitania. Ile pikapu ilikuwa nyeupe, ya dizeli, ina matairi manne nyuma, mawili kila upande, na ilikuwa ndefu kiasi kwamba ukiiegesha mbele ya posta, mkia unabaki mbele ya kinyozi. Kwa miaka kumi na saba ilikuwa imekokota matela ya ng'ombe, ya majani makavu, na mara moja nyumba nzima ya kuku ikiwa na kuku wenyewe ndani. Uliisikia kabla hujaiona. Mbwa wa mashamba matatu ya njiani walikuwa wanaijua na walishaacha kuibwekea.

Lakini ng'ombe alikuwa ameshawauza msimu wa mavuno. Nyonga yake ilikuwa imekwisha. Na mwezi Januari aliteleza wakati anashuka mbele ya posta, akalala kwenye barafu akitazama mawingu mpaka mama wa posta alipotoka kumwaga chumvi ya kuyeyushia barafu mlangoni. Binti yake, Janelle, anayeishi Omaha, alipopata habari alipiga simu kila jioni kwa wiki mbili na neno moja tu: gari dogo, baba, gari dogo.

Kwa hiyo tukaanza kazi. Mtu akija kutoa gari lake ili achukue lingine, kwanza anaondoa vitu vyake, ndipo Kip apite kulithamini. Lumir alitoa kamba, glovu za mkono mmoja mmoja, mfuko nusu wa chumvi ya ng'ombe, bisibisi kumi na moja, na mto wa kukalia. Mto ulikuwa wa marehemu mkewe, LaVonne, aliyekuwa mfupi. Bila mto alikuwa akiona dashibodi tu. Akauweka kwenye kiti cha mbele cha gari alilochagua, dogo la rangi ya fedha, kisha akaona haufai, akauhamishia kiti cha nyuma.

Kip akaizunguka pikapu akigonga bodi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akataja bei yake. Ilikuwa bei ya kuanzia, na kila mtu kaunti nzima anajua kwamba bei ya Kip ya kuanzia ni matusi. Unatakiwa ucheke, uondoke, ufike mpaka geti, urudi.

Lumir alisema, "Sawa."

Kip akanivuta pembeni. "Amekubali. Ana homa?"

"Mwongeze basi," nikasema.

"Kwani mimi nina homa?"

Lakini alimwongeza kidogo. Nadhani aliona aibu, jambo ambalo sijaliona tena kwake.

Nikamketisha Lumir kwenye lile gari dogo la rangi ya fedha. Magoti yalimfika karibu na kidevu.

"Hapa nimekaa au nimelala?"

"Umekaa, mzee. Kiti kinapanda, bonyeza hapo pembeni."

"Haya, liwashe nilisikie."

"Limeshawaka."

Alitega sikio. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Kutoka kwangu mpaka hapa, leo nimepungiwa na watu saba." Mimi nikacheka, maana nilikuwa na haraka ya sahihi yake, na kwa sababu mimi hucheka kwanza.

Kwetu barabarani mtu hapungi mkono. Unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, cha shahada, inatosha. Na humwinulii mtu, unaliinulia gari, kwa kuwa ukiwa mbali uso hauonekani, na ukiufikia mmeshapishana. Ile pikapu nyeupe ilikuwa inainuliwa kidole na kila aliyekuwa na usukani. Lumir hakuwa msemaji. Katika ndoa ile LaVonne alisema ya watu wawili na yeye aliendesha. LaVonne alipofariki, miaka miwili kabla ya haya, maneno yakaisha nyumbani mwao, vikabaki vidole vya barabarani. Saba siku ya kawaida, na Jumapili labda ishirini.

Siku ya kwanza na gari la rangi ya fedha alikwenda posta na kurudi. Aliinua kidole kwa kila aliyepishana naye. Hakuna aliyejibu hata mmoja. Kwetu gari dogo la rangi hiyo ni la mkadiriaji kodi, au wakala wa bima, au mtu aliyepotea njia, na wote hao kwa makusudi hatuwainulii kidole.

Hapo ndipo na mimi nilipotia mkono wangu. Niliiosha ile pikapu, nikaing'arisha, nikaiegesha mstari wa mbele, uso ukitazama barabara kuu. Ilikuwa kazi yangu. Nilichosahau, nami nimezaliwa pale pale, ni kwamba kwetu mzee hatoi pikapu yake. Hutolewa na watoto wake, baada ya mazishi. Watu walipita siku tatu wakaiona imesafishwa, viti vitupu, bei imeandikwa kwenye kioo, wakavua kofia zao humo humo garini.

Alhamisi, Bi Bernadine Hajek, jirani yake wa maili mbili, mjane, mtu wa mstari wa pili kanisani, alichukua bakuli la oveni la tambi na kuku akaenda kutoa pole. Alipoingia uani akaliona gari dogo la rangi ya fedha. Basi, akajua Janelle ameshafika. Akajifuta macho, akagonga mlango, na mlango ukafunguliwa na Lumir mwenyewe akiwa na soksi.

"Yesu na Maria! Lumir!"

"Bernadine."

"Wewe si umekufa!"

"Nani kasema?"

"Pikapu yako!"

Lumir alifikiri. "Hiyo haijui kila kitu," akasema.

Bernadine alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akalia, au akaanza na kulia, hata yeye hana hakika. Kabla hajamaliza, gari la pili likaingia na akina mama watatu wa kanisani, kila mmoja na bakuli lake, nyuso zimepangwa vizuri kwa msiba. Huwezi kuwaambia watu kama hao warudi na chakula chao. Wakaingia, kahawa ikawekwa, na kwa kuwa walikuwa wameshaandaa ya kusema, wakayasema. Mmoja akasimulia jinsi Lumir alivyomvuta kutoka kwenye mtaro wa theluji mwaka ule wa tufani, akaondoka bila hata kushusha kioo. Mwingine akasema LaVonne alikuwa akimsifu kwa siri.

"Kwa siri?" Lumir akauliza. "Kwa nini kwa siri?"

"Alisema ukisikia utavimba kichwa."

"Ningevimba," Lumir akasema.

Walikaa mpaka saa kumi jioni. Nimeambiwa na wote wanne, na wote wanne wanasema alizungumza, Lumir Pesek alizungumza, hata akawapa hadithi ya kuku. Kisha wakavaa makoti yao. Mlangoni mmoja akamwambia, "Ukifa kweli utupigie simu kwanza, tusipike bure," wakacheka mpaka kwenye gari.

Ijumaa hakuna aliyekuja. Wala Jumamosi. Alikuwa mzima, na aliye mzima haendewi.

Jumatatu alikuwa yadini kabla hatujafungua. Nilimkuta amesimama mstari wa mbele, mahali pikapu ilipokuwa, akitazama lami.

"Naitaka," akasema. "Nitarudisha hili na nitaongeza alichoniongezea Kip."

"Mzee, imeuzwa Jumamosi. Kuna jamaa wa Kansas, anajenga uzio. Ameondoka nayo."

"Kansas."

"Ndiyo."

"Huko huwa wanainua kidole?"

Kichwani nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha kuhusu watu wa Kansas, na mojawapo lilikuwa zuri sana. "Sijui, mzee," nikasema.

Akaliangalia gari lake. "Nyonga isingekubali hata hivyo," akasema. Nikamfungulia mlango, akaingia, akaondoka bila sauti, jinsi lile gari linavyoondoka.

Sasa, yale mabakuli. Ukipelekewa chakula kwenye bakuli la mtu, chini yake pana kipande cha utepe wa gundi chenye jina la mwenyewe. Unakula, unaliosha, unalirudisha. Na hiyo ni sababu. Kwetu lazima uwe na sababu. Ukiingia uani kwa mtu bila sababu, anatoka huku amefunga zipu ya koti mpaka shingoni na kukuuliza nani anaumwa. Ukimjibu "nimekuja tu," ataanza kukuogopa. Lakini mwenye bakuli mkononi hukaribishwa, hupewa kahawa, hukatiwa keki, na hakuna anayemuuliza kitu.

Lumir alikuwa nayo manne. Mtu mwingine angeyapakia yote siku moja akamaliza. Yeye alirudisha moja kwa wiki, siku ya Jumanne. La kwanza alikaa saa moja na nusu. La pili alimkuta mume wa mwenye bakuli, wakazungumza habari za nyonga, ya huyu na ya yule, mpaka ng'ombe wakaanza kulia kudai chakula. La tatu wenyewe hawakuwapo, akarudi nalo nyumbani, akaenda tena wiki iliyofuata, na nasikia alikuwa na furaha kama aliyeokota pesa.

Likabaki la Bernadine.

Nilikuwa nalijua gari lile kwa kuwa nililiuza mimi, kwa hiyo mimi nilikuwa nainua kidole. Lakini nilikuwa mtu mmoja tu. Kila nilipopishana naye, bakuli lilikuwa kwenye kiti cha mbele limefungwa mkanda. Aprili ikapita, mahindi yakapandwa, mahindi yakaota, bakuli likawa bado linatembezwa.

Mwanzoni mwa Juni, Bernadine alileta gari lake kubadilisha tairi. Akakaa ofisini akisubiri, mkoba juu ya mapaja.

"Bi Bernadine," nikamtania, "naona Lumir ameiba bakuli lako. Nimuitie polisi?"

Hakucheka. "Anakuja nalo," akasema. "Kila Jumanne. Anaingia getini, anafika kwenye kisima, anasimama. Mimi niko dirishani. Anakaa dakika tano, kumi. Halafu anarudi kinyumenyume mpaka barabarani."

"Na wewe hutoki?"

"Nikitoka si atalazimika kunipa?"

Nje fundi alikuwa anakaza nati na redio inataja bei ya nguruwe.

"Sasa unaokea kwenye nini?" nikauliza.

"Nimeazima sinia la kanisa. Linaunguza pembeni." Akatazama viatu vyake. "Jumanne navaa gauni langu la bluu. Sijui kwa nini, wakati hanioni."

"Jamani, Bi Bernadine. Mtu yuko uani kwako. Mfungulie mlango, mwambie aingie anywe kahawa. Basi."

Akanitazama kama ndio kwanza nimehamia kaunti hii.

"Kwa sababu gani?" akasema.