Sabufa Iliyoniokolea Chumba Kaloleni

Siku ile Bi Zuhura aliponisimamia mlangoni, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako mkubwa akinisikia nasema hivi ataninunia mpaka kesho. Basi asisikie. Nilikuwa kijana mwenye nywele zote kichwani, nimepanga chumba kimoja Kaloleni, nyuma kidogo ya uwanja wa mpira. Leo umekuja na picha ya sabufa kwenye simu unaniuliza, "Ba'mkubwa, hii ni kali au ya kawaida?" Swali lako limenirudisha kule moja kwa moja. Kaa hapo. Hiyo simu iweke mfukoni kwanza, haikimbii.

Mimi ni mtu wa besi, hilo unalijua. Sasa hivi sauti imechakaa, lakini enzi zile, kwenye kwaya ya usharika wetu kule Ngaramtoni, nikishuka kwenye noti ya so ya chini kina mama wa alto walikuwa wanageuka kutazama. Sijisifu, nakueleza ilivyokuwa. Basi kwaya ikarekodi, na kila mwanakwaya akapewa CD yake. Nikakimbia nayo chumbani. Nilikuwa na amplifaya ya mtumba, deki ya kuchezea CD na kanda, na spika mbili ndogo, zile za kukaa kwenye rafu pamoja na vitabu. Zilikuwa safi kweli. Nikasikia soprano, nikasikia alto, nikamsikia hata yule mwimbaji wa sauti ya tena aliyekohoa kwenye ubeti wa pili. Besi? Hakuna. Nikaongeza sauti. Hakuna! Wanaume wazima tuliosimama mstari wa nyuma tukitokwa jasho, utadhani siku ile hatukufika. Iliniuma, mwanangu. Iliniuma kabisa.

Spika zenyewe hazikuwa na kosa. Spika ndogo ina kifua kidogo, haiwezi kushuka chini sana, inahitaji mwenzake wa kubeba sauti nzito. Huyo ndiye sabufa. Ninyi siku hizi mnaita sabufa seti nzima na rimoti yake na taa zake. Mimi nazungumzia lile boksi la sauti nzito peke yake. Kwamba nalihitaji, nilijua. Namna ya kulichagua ndiyo sikuijua.

Na unajua tunavyochagua sisi. Unaingia dukani, muuzaji anaweka wimbo wa kudunda, anafungulia mpaka mwisho, wewe unachuchumaa unaweka kiganja mbele ya tundu la boksi uone upepo. Upepo ukitikisa mkono wa shati, unasema, "Hii ndiyo mashine!" Kifua kikitetemeka, umemaliza, unatoa pesa. Nami nikachuchumaa kama wengine. Lo! Upepo uliotoka pale ungetosha kupepetea maharage. Nikachukua boksi kubwa kuliko yote dukani, likapakiwa kwenye mkokoteni, nikatembea pembeni yake mpaka Kaloleni nimevimba kichwa. Nikaliingiza ndani ya kabati la vyombo, katikati ya glasi, kwa sababu huko ndiko vitu vya thamani vinakokaa. Juu yake nikatandika kitambaa cha kufuma alichonipa mama. Usicheke, kwenu kuna kitambaa mpaka juu ya king'amuzi.

Basi nikafungulia. Du! Du! Du! Glasi zikaanza kucheza. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi yetu hii ya kuvaa sweta juu ya sweta, madirisha yote yamefungwa, sauti haina pa kutokea. Nikajiambia, sasa besi imekuja. Kumbe moyoni nilikuwa najua kwamba ile haikuwa besi yangu. Ilikuwa ngurumo moja tu, wimbo wowote nikiweka ni ile ile. Lakini mtu akishanunua kitu mbele za watu hakubali upesi.

Sasa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mwenye nyumba, mama wa makamo, ukoo wao ulitoka Tanga zamani wakaja kufanya biashara huku. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta mmoja. Alinichukua kama mwanawe. Nikiumwa ananiletea uji, mwezi wa Ramadhani sikosi futari. Na chumba chenyewe kilikuwa kizuri, maji yapo uani, kazini naenda kwa miguu. Nilikuwa nimeshamwambia mama yako mkubwa, wakati huo ni mchumba, kwamba tutaanzia maisha pale. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatafuta sababu yoyote ya kuisogeza harusi mbele. Mchumba asiye na mahali pa kulala angekuwa sababu nzuri sana.

Jumamosi moja mchana nikasikia hodi, kabla sijaitika mlango umeshafunguliwa. Bi Zuhura kasimama, sinia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lemayani, huyo unayeishi naye humu ni nani?"

"Naishi peke yangu, mama."

"Kuna mtu anagonga ukuta wangu wiki nzima. Waimbaji siwasikii, maneno siyasikii, nasikia yeye tu, anagonga kama anadai afunguliwe. Tazama vikombe vyangu vya kahawa. Nimeviweka katikati ya sinia, vimetembea vyenyewe mpaka ukingoni!"

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia hiyo ni besi, mama, ndiyo sauti yangu mimi.

"Sauti yako naijua, nakusikia ukiimba bafuni. Wewe unaimba. Hili boksi haliimbi. Sasa sikiliza, muziki sikukatazi, mimi mwenyewe ni mtu wa taarabu. Nakukataza kelele. Jumapili ya wiki ijayo nitakuja kukaa hapa, kwenye hiki kiti. Nikimsikia mwimbaji, mambo yamekwisha. Nikimsikia mgongaji, utatafuta chumba kwingine, na mkweo nitamweleza sababu mimi mwenyewe."

Mwanangu, nilinywea. Nikakaa kitandani nikafikiria kuachana na mambo yote, nibaki na spika zangu ndogo na kwaya isiyo na wanaume. Halafu hasira zikanipanda. Mimi, mtu wa so ya chini, nishindwe na boksi? Asubuhi yake nikalipakia lile dude kwenye gari nikampelekea mwenye baa mmoja Ngaramtoni. Akachuchumaa, akaweka kiganja, macho yakamtoka kwa furaha. Akanilipa, tukamalizana pale pale. Yeye alitaka watu wacheze waagize vinywaji, na kwa kazi hiyo boksi lilikuwa halina mpinzani. Usinielewe vibaya, kila boksi lina kazi yake.

Kisha nikafanya jambo ambalo mjini hawajalisahau. Nikazifunga spika zangu mbili kwenye shuka, nikachukua CD ya kwaya, nikaenda dukani nazo mgongoni. Muuzaji akacheka, "Kaka, unahama?" Nikamwambia, "Hapana, nimeleta bibi harusi aone wanaume." Sabufa inakuja kuishi na spika ulizonazo, sasa utaichaguaje bila wao kuonana? Nikamwomba aunganishe spika zangu na kila boksi alilonalo, moja baada ya jingine, na wimbo niweke mimi. Ule wimbo wake wa kudunda nilimwambia abaki nao.

Nikaweka wimbo wa tatu, ule ambao mwishoni besi tunashuka ngazi peke yetu: do, ti, la, so, fa, mi, re, do. Kila noti nimeifanyia mazoezi mpaka naiota. Nikasimama katikati ya duka nikaimba pamoja na CD. Kwa sauti! Boksi la kwanza likashuka vizuri, lilipofika so likalipuka, buuum, likameza fa na mi zote mbili. Nikasema, hili hapana. La pili likachelewa, mimi nimeshafika re, lenyewe bado linaburuza fa. Nikasema, na hili hapana. Watu wakaanza kujaa mlangoni. Muuzaji akaninong'oneza, "Kaka, hapa si kanisani." Nikamjibu, "Basi nishike mkono nitoke, kama hutaki mteja." Akarudi kwenye nyaya zake.

Kwenye kona ya chini kulikuwa na boksi dogo, limefungwa pande zote, halina tundu. Hakuna aliyekuwa analitaka, kwa sababu bila tundu utaweka wapi kiganja? Nikasema, hebu hilo. Nyuma lina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha nguvu, kimoja cha kuamua sauti nzito ianzie wapi. Muuzaji kazoea kuvifungulia vyote mpaka mwisho. Nikavirudisha chini, nikavipandisha polepole mpaka spika zangu zikaacha kusikika kivyake na boksi likaacha kusikika kivyake. Nikaanza. Do, ti, la, so. Aisee! Fa ikaja, mi ikaja, re ikaja, do ya chini kabisa ikasimama na kukatika pale pale tulipoikata sisi. Sikuimba tena. Nilikuwa najisikiliza. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikujali. Mzee mmoja mlangoni akauliza, "Hawa wanaume ni wa wapi?" Nikajipiga kifuani, "Ngaramtoni!" Watu wakapiga makofi, wallahi wakapiga makofi.

Nyumbani kabati nikaliacha lipumzike na glasi zake. Boksi nikaliweka sakafuni, mbali na ukuta wa Bi Zuhura, mbali na kona, kwa sababu kona inaivimbisha sauti nzito. Kitambaa nikakirudisha sandukuni. Nikazunguka chumba nikisikiliza, nasogeza kidogo, nakaa, nainuka tena.

Jumapili nimetoka ibadani, Bi Zuhura huyo, kavaa kanga safi, kakaa kwenye kiti mikono mapajani kama hakimu. Nikaweka wimbo wa tatu. Akasikiliza hata hakupepesa macho. Besi ilipoanza kushuka akanyoosha kidole hewani, "Huyu! Huyu si wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nakusikia, mwanangu. Nasikia mpaka maneno." Akainuka. "Piga tena, nakwenda kwangu."

Nikapiga, nimesimama katikati ya chumba, nasubiri kifo au uzima. Akarudi. Mkononi ana kanda yake ya taarabu, kuukuu, lebo imefutika. "Ukuta uko kimya," akasema. "Haya, na mimi niwekee yangu." Nikamwekea. Lile gitaa kubwa la besi lilipoingia, Bi Zuhura akafumba macho, mabega yakaanza kwenda taratibu, na akaniambia bila kufumbua, "Mwambie mkweo apange tarehe. Chumba ni chako, na bibi harusi nitampokea mimi." Mwanangu, nilipiga kelele za furaha mpaka majirani wa mbele wakatoka kuuliza nani kafunga goli.

Sasa nikujibu swali lako. Picha haiwezi kukwambia kama sabufa ni kali. Ukali sio unaoutafuta. Nenda na spika zako, nenda na wimbo unaoujua mpaka pumzi zake, kiganja chako kitie mfukoni, utumie masikio. Sikiliza kama kila noti ya chini inakuja kwa zamu yake, bila moja kuzikanyaga nyingine. Halafu izime ghafla: ukiona wimbo umepungukiwa, ilikuwa inafanya kazi, ukiona umepata nafuu, irudishe dukani. Na ukishafika nayo nyumbani, kabla hujajisifu, nenda kakae kwa jirani yako usikilize ukiwa upande wake wa ukuta. Mgeni akiingia kwako asiulize, "Sabufa iko wapi?" Aulize, "Nani hao wanaoimba?"

Nenda, mwanangu. Mungu akufungue masikio, akupe nyumba isiyoishiwa nyimbo, na majirani wafurahi kwamba ni wewe uliyehamia. Na siku utakayopanga chumba cha kwanza na mwenzako, akujalie mwenye nyumba atakayekugombeza kwa kuwa anakupenda. Amina. Sasa toa hiyo simu, unionyeshe picha nyingine.