Ukuta Uliobanduliwa na Akina Mama wa Endarasha

Enzi zetu nyumba haikupambwa kwa vitu vya kuagiza kwa simu. Nasema hivi kwa sababu Jumamosi iliyopita binti yangu Shiru, aliyepanga nyumba hapa Nyeri mjini, aliwaalika marafiki zake wa kike, na akaanza kupamba sebule tangu asubuhi. Alifunga maputo, akatundika taa ndogo ndogo kama za Krismasi, akajaza mito kwenye kochi hadi pakakosekana pa kukaa mtu. Kwenye chupa kubwa ya kioo alitia nyasi kavu, tena za kununua. Jameni, nyasi! Huko kwetu Endarasha ng'ombe angezitazama akageuza uso. Wasichana walikuja, wakapigana picha mbele ya hizo nyasi, kila mmoja akainamia simu yake kuchagua picha aliyotoka vizuri, kisha wakaenda zao. Shiru akaniambia ilikuwa siku tamu sana, nami sikumbishia.

Wewe uliyelelewa katika nyumba ya mbao kule kwetu Kieni utanielewa. Yetu ilijengwa kwa zile mbao za pembeni zenye magome, ambazo mpasua mbao huona hazimfai. Kati ya ubao na ubao palikuwa na nyufa za kupitisha kidole, na upepo wa Kieni hauhitaji hata nafasi hiyo. Kwa hivyo watu walibandika magazeti ukutani. Yalizuia baridi, yalipendeza, na sisi watoto tulijifunzia kusoma hapo. Gazeti lililokuwa juu ya kitanda changu lilibandikwa kwa ubavu, na mpaka leo nikisoma jambo refu nainamisha kichwa upande bila kujua.

Mama alikuwa mtu wa Kangari, kule kwenye majani chai, akaolewa Endarasha kwa watu wa viazi. Wanawake wa pale walimsalimia vizuri shambani na kanisani, lakini hakuna aliyewahi kuingia kwetu akakaa. Walisema ati watu wa bonasi ya chai, wanaolipwa kitita mara moja kwa mwaka, wako na maringo. Mama hakuwa na maringo, alikuwa na haya tu. Baba alipika katika hoteli moja kule Kiganjo na alirudi nyumbani wikendi, hivyo siku nyingine zote mama aliongea na kuku. Aliwaeleza bei ya viazi, akawauliza maoni yao. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba mama yangu ni mpweke, na iliniuma.

Siku moja baada ya ibada, Mama Njeri, aliyekuwa mkubwa wa kikundi cha akina mama, alimwambia kwamba Alhamisi wangekuja kwake kunywa chai. Wakati huo kila mtu alijua maana yake. Wakikupenda, unaingizwa kwenye zamu ya kutembeleana, na tangu hapo una watu. Wasipokupenda, wanakunywa chai, wanaomba, wanaaga, na humwoni mtu tena mpaka siku ya mazishi yako. Ishara ilikuwa kiondo, kile kikapu cha kusuka. Mwanamke akiweka kiondo chake chini, ametulia. Akikipakata mapajani, anahesabu dakika za kuondoka.

Mama alishikwa na kichaa cha kupamba. Alikuwa hodari wa kushona vitambaa kwa sindano ya kulabu, na ndani ya siku hizo chache hakuna kitu kilichobaki uchi. Redio ikavalishwa kitambaa, stuli zikavalishwa, chupa ya chai, sufuria, jembe lililokuwa nyuma ya mlango, hata kufuli. Tatizo lilikuwa kuku mmoja aliyekuwa anaatamia mayai kwenye karai pale pembeni ya sebule. Kumhamisha ni kuua mayai. Mama alimtazama kwa muda, kisha akamshonea kitambaa cha manjano chenye maua kwenye kingo, akamfunika mgongoni. Kuku akakubali.

Kisha ukaja ukuta. Magazeti ya zamani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na mama akataka mapya. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na unga wa ngano nyumbani ulikuwa mfuko mmoja tu, uliowekewa chapati. Watoto wa siku hizi wanakula chapati Jumanne bila sababu yoyote, halafu wanasema hawana njaa. Sisi chapati ilikuwa ya Krismasi. Mimi na dadangu Wairimu tulisimama pale tukiona chapati zetu zikipakwa ukutani kwa mikono miwili, na mama alipotoka kuchota maji tuliulamba ukuta. Ulikuwa na ladha ya moshi na wino, na haukuwa mbaya.

Alhamisi wakafika. Waliketi kwa mstari na leso zao za kichwani, na vyondo vyote vikiwa mapajani. Chai ikamiminwa. Waliulizana habari za mvua, wakajibiana kwamba haijanyesha. Mama alisimama kando ya mlango akiwa ameshika birika kwa mikono yote miwili. Kuku naye akaona huo ndio wakati mzuri wa kwenda kula, akatoka kwenye karai akiwa na kitambaa chake, akapita katikati ya wageni polepole kama bibi arusi, akatoka nje. Hakuna aliyecheka. Mama Njeri alivuta kiondo karibu na tumbo, na nikajua tumekwisha.

Aliyetuokoa ni Mama Muthoni, mwanamke mnene aliyekuwa amekaa kando kabisa ya ukuta. Alikuwa amegeuza shingo muda wote huo.

"Mama Wanjiku," akamwambia mama, "hii ukuta yako iko na mambo."

Akaanza kusoma kwa sauti. Ilikuwa barua ya mwanamke aliyeomba ushauri gazetini. Mumewe alitoka jioni kwenda dukani kununua mafuta ya taa. Amerudi baada ya miaka tisa, akiwa na mafuta ya taa. Je, ampokee? Chini yake paliandikwa kwamba jibu liko ukurasa wa kumi na sita.

"Ukurasa wa kumi na sita uko wapi?" akauliza Mama Njeri.

Tukatafuta ukuta mzima, sisi watoto juu ya stuli na akina mama wakiwa wamepiga magoti. Kumbe barua yenyewe ilikuwa ukurasa wa kumi na tano, na wa kumi na sita ulikuwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo, umetazama mbao. Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Mama Njeri alisema mafuta yapokewe, mwanamume abaki nje. Mama Muthoni alitaka kujua kwanza kama chupa ilikuwa imejaa, kwa sababu kama imejaa basi hakupitia mahali, alitoka dukani moja kwa moja. Mwingine akasema pengine foleni ilikuwa ndefu. Walikuwa wamesimama wote, wanaelekezana vidole, na vyondo vilikuwa vimetupwa huko chini hata sikuona saa ngapi.

Ndipo mama yangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu kumimina chai, akauliza kwa sauti yake ndogo, "Na huyo mama, miaka tisa, amekuwa akiwasha nini?"

Walicheka mpaka Mama Muthoni akakaa chini sakafuni. Mama akawatazama, akautazama ukuta wake uliommalizia unga, akaenda jikoni. Nilidhani anaenda kulia. Akarudi na kisu cha kumenya viazi, akaanza kubandua.

Uji ulikuwa haujakauka vizuri, kwa hivyo karatasi ilitoka vipande, na wino mwingine ukabaki kwenye mbao ukiwa kinyume. Mama akaleta kioo cha baba cha kunyolea. Mwanamke mmoja akashika kioo, mwingine taa, Mama Njeri akasoma herufi moja moja kama mtoto wa nasari. Jibu lilianza hivi: "Dada mpendwa, kabla ya yote, yanuse hayo mafuta." Mengine yote yalikuwa yamerudi kuwa uji. Wakabandua karatasi ya pili, na ya tatu, wakidhani huenda limeendelea huko, na mwishowe ukuta wote ulikuwa mbao tupu na upepo unaingia kama uko kwao. Basi wakahamia jikoni, wakajibana kuzunguka moto, wakamenya viazi vya kupondea mukimo na mahindi bila kuambiwa, na waliondoka giza likiingia, bado wanabishana. Alhamisi iliyofuata kila mmoja alikuja na magazeti yake ya kubandika, lakini alihakikisha kwanza amesoma pande zote mbili. Tangu siku hiyo mama hakuongea tena na kuku, isipokuwa kuwagombeza.

Siku hizi mama ana nyumba ya mawe, niliyomjengea mimi. Ina vigae vinavyong'aa, kochi jeupe, na taa zilizofichwa ndani ya dari. Nilijisifu sana nayo. Lakini wale akina mama waliobaki, ambao sasa ni mashosho wenye wajukuu na mikongojo, walipokuja mara ya kwanza walivua viatu mlangoni, wakaketi ukingoni mwa kochi wasilichafue, wakanong'ona kama wako hospitali, na chai ikapoa.

Wiki iliyopita nilienda kumwona mama bila kumwarifu. Sebule yangu ilikuwa imefungwa, na kochi limevikwa nailoni. Nikasikia kicheko nyuma ya nyumba, kwenye lile jiko letu la zamani la mbao nililomwambia fundi alibomoe, na mama akamfukuza fundi. Nilipofungua mlango moshi ulinipiga usoni. Walikuwa wamejibana wote kwenye benchi moja, magoti yanagusana, na mama yangu yuko katikati anafuta machozi ya kucheka.

"Wanjiku, umekuja," akasema. "Hapa hakuna nafasi, mama. Enda ukae kule kwako kuzuri, tutakuletea chai."

"Na ufunge mlango," akaongeza Mama Muthoni, "baridi inaingia."

Nikaufunga, nikiwa nje.