Aliyebaki Mlangoni Tulipohamisha Jukwaa

Sikulazimishi uniamini. Ila usiniambie nilikuwa nimesinzia, maana kila niliyemsimulia huanzia hapo. Sikusinzia. Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, jua limewaka, na nilikuwa nimeshakunywa chai vikombe viwili. Wenzangu hukutana na mambo yao makaburini, usiku. Mimi langu lilinikuta dukani, Chapwa, hapa hapa Tunduma, mchana kweupe, nikiwa nahamisha jukwaa la mtandaoni. Cheka kwanza, halafu nikueleze.

Miaka hiyo makundi ya simu yalikuwa bado hayajashika. Watu wa mpakani tulikuwa na jukwaa letu, Baraza la Mpakani, na aliyelianzisha ni mimi, kwenye duka langu la intaneti lenye kompyuta nne. Madereva waliuliza humo foleni ya malori imefika wapi, mawakala wa forodha wakajibu, wachimba dhahabu wa Saza walitafuta vipuri, na walimu wa Vwawa walibishana kuhusu mpira mpaka nikawafungia. Nilikuwa mkali. Hata sasa ni mkali, lakini wakati ule nilikuwa nikijisifia.

Ukali wangu ulikuwa mlangoni. Matapeli walikuwa wakijiandikisha kama mawakala na kuwaliza watu, basi nikaweka utaratibu. Mgeni akijiandikisha anaingia kwanza chumba kinachoitwa Mlangoni. Pale anaandika hodi, anajieleza ni nani na anataka nini, na anachoandika nakiona mimi tu. Nikiridhika nabonyeza kitufe anaingia, na alichoandika kinaonekana kwa wote. Kitufe chenyewe nilikipa jina: Karibu. Watu waliupenda sana utani huo. Nisichowaambia ni kwamba chumba kile nilikifungua nikijisikia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, nani ataniuliza?

Sasa kampuni iliyokuwa inatuhifadhi mtandaoni ikatangaza kwamba inafunga. Mwisho wa mwezi kila kitu kinafutwa. Nikapata kampuni nyingine, na nikachagua kuhama Jumapili asubuhi, kwa sababu wanachama wengi wako kanisani, na mashine za kusaga zimelala, umeme hauchezichezi. Nikalifunga jukwaa la zamani, nikaweka tangazo: tunahama, anwani mpya nitaitoa saa nane mchana. Anwani hiyo niliijua mimi peke yangu. Sikuwa nimempa mtu yeyote, hata mume wangu.

Nikafunga na mlango wa duka ili nisisumbuliwe, nikaanza kazi. Mada zikahama. Picha zikahama. Wakabaki wa Mlangoni, watu mia na kitu, wengine wa miaka mitatu nyuma. Mtandao ulikuwa unakatika, kila ukikatika naanza upya, nakaa, nasimama, nakaa tena. Subira sina. Nikasema hawa wa nini mimi? Aliyekuwa na shida ameshaipata kwingine. Nikawawekea alama wote: wasihamishwe. Sikusoma hata mmoja.

"Hodi," nikasikia.

"Karibu, pita," nikajibu bila kuinua kichwa. Si ndivyo tunavyojibu wote?

Mtu akapita. Nilimwona kwa pembe ya jicho, mwanamume mrefu, taulo shingoni kama wanavyovaa madereva, akavuta kiti cha kompyuta namba tatu akaketi. Nikamwambia, "Hiyo mbovu, kaka. Haina hata waya. Na leo sifanyi kazi."

"Nitakaa tu, dada." Alizungumza taratibu, lafudhi ya watu wa bonde la Momba. "Mnahama?"

"Tunahama."

"Na sisi wa mlangoni?"

Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilidhani ni mmoja wa niliowapuuza, amekuja kunisuta dukani kwangu. Nikamuuliza anatumia jina gani. Akasema Baba Neema.

"Haya, ngoja nikutafute uende zako."

"Tafuta tu," akasema. "Mimi sina haraka tena."

Jina lilikuwepo. Jumbe tano, za miaka mitatu nyuma, zote za siku moja. Nimezishika kichwani mpaka leo.

Ya kwanza: Hodi. Mimi dereva niko foleni hapa Chapwa, nimeona stika yenu kwenye nguzo. Naumwa tumbo vibaya. Utingo wangu ametangulia mpakani na karatasi za mzigo. Ya pili: Hodi, simu haina salio la kupiga, nina bando kidogo tu. Kuna mwenyeji yuko karibu na Chapwa? Ya tatu: Hodi wenyeji. Natapika damu. Gari jeupe, turubai la bluu. Ya nne ilikuwa hodi tu. Ya tano nayo ilikuwa hodi, ila herufi zimepinda, ukiisoma haraka hujui ni neno gani.

Stika ile niliibandika kwa mkono wangu, nguzo kwa nguzo. Iliandikwa: Ukikwama mpakani, tuulize sisi.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Kesho yake asubuhi dereva mmoja alikutwa amekufa ndani ya gari lake, amejitapikia, na waliomkuta wakaamua ni pombe. Jukwaani kwangu watu walifungua mada ya kumcheka. Ilikuwa ndefu, kurasa kwa kurasa. Na mimi niliandika humo. Niliandika kwamba pombe ya ng'ambo haina huruma, na watu kumi na wawili wakanipigia makofi. Baadaye nikasikia mke wake amerudi bondeni na maiti, na shemeji zake wanamsema kwamba alikuwa akimficha mlevi. Mtoto wao, Neema, shuleni aliitwa mtoto wa mlevi. Niliyasikia hayo yote, nikasema masikini, nikaendelea na kazi.

Nikainua kichwa nimwambie yule mtu neno. Neno gani, sijui. Kiti kilikuwa kitupu.

Nikaangalia mlango. Ule wa nondo ulikuwa umefungwa kwa kufuli, nilivyoufunga mwenyewe, na ufunguo uko shingoni mwangu kwenye kamba. Basi niambie wewe, nilimwambia nani apite?

Nikageukia jukwaa jipya, lile ambalo anwani yake haijui mtu. Mlangoni palikuwa na mgeni mmoja anayesubiri. Baba Neema. Ameandika neno moja, la dakika hiyo hiyo: Hodi.

Sasa nikueleze nilichofanya, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilimfuta. Nilijiambia huyu mtu akiingia, jumbe zake tano zitatokea mbele ya wote na tarehe zake, na kila mtu atajua alituomba sisi, na aliyeshika mlango ni nani. Nikimwacha kwenye jukwaa la zamani, mwisho wa mwezi anapotea na hakuna atakayejua milele. Ni rahisi hivyo. Nikabonyeza futa.

"Hodi." Safari hii ilitoka nje, kwenye nondo. Nikatazama. Niliona barabara, lori limeegeshwa, mama anauza mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyesimama mlangoni.

Nikazunguka meza, nikarudi, nikazunguka tena.

"Hodi." Ya pili. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

Wewe unajua desturi. Mtu mwenye adabu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anageuka anaenda zake, na hupaswi kumlaumu. Niamini, muda wote ule nilikuwa namwogopa asiingie. Nikagundua ninachoogopa zaidi ni kwamba atapiga ya tatu, nitanyamaza, ataondoka. Akishaondoka, ni nani mwingine atakayesema kwamba hakufa kwa pombe?

Sikusubiri ya tatu. Nilirudi jukwaa la zamani, nikaondoa alama, nikawahamisha watu wote wa Mlangoni, mia na kitu, mtandao ukakatika mara nne na mara nne nikaanza tena. Jina lake lilipotokea upande wa pili nikabonyeza Karibu. Halafu nikaisema kwa mdomo, kwa sauti, nikiutazama mlango. Nililia, sifichi.

Saa nane nikatoa anwani. Kitu cha kwanza walichokiona wanachama ni zile jumbe tano, na chini yake maelezo yangu, kwamba zilinifikia mimi na sikuzifungua. Kisha wakala mmoja mzee, mtu wa heshima, akaandika, "Na ile mada ya kumcheka umeihamisha pia?" Nilikuwa nimeihamisha. Sikuifuta, wala wao hawakuniomba niifute. Matusi yalikuja baadaye, na wengi walijitoa. Sikumfungia hata mmoja.

Wiki iliyofuata nilichapisha zile jumbe kwenye karatasi, nikapanda gari hadi bondeni. Mama Neema nilimkuta anaanika mpunga. Nilijitambulisha, akanipa kigoda, akawaita shemeji zake wawili waje wasikie, na akamwita Neema asome kwa sababu yeye mwenyewe macho yalikuwa yanamsumbua. Msichana alisoma zote tano bila kusita. Kwenye ya mwisho aliuliza, "Mama, hii imeandikwaje?" Mama yake akasema, "Ni hodi, mwanangu. Endelea." Lakini hapakuwa na cha kuendelea.

Shemeji mkubwa akavua kofia. Mama Neema hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Mdogo wangu, saa hizo wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa dukani. Kutoka pale hadi kwenye lori la mume wake ni kama hatua mia mbili.

Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mpunga wake.

Tangu siku ile sijawahi kumwambia mtu karibu bila kuinua kichwa nimwone uso. Wateja wananitania, wanasema naangalia watu kama polisi wa mpakani. Kompyuta namba tatu niliigawa, kiti sikukigawa. Chumba cha Mlangoni nilikifungua kila asubuhi kabla ya chai, mpaka jukwaa lilipokufa lenyewe watu walipohamia kwenye simu.

Nawe uliyepewa mlango wa watu, wa jukwaa, wa kundi la simu, wa ofisi, sikuombi uamini mizimu. Wewe nenda tu sasa hivi ukasome wale wanaosubiri. Wasome wote, mpaka wa mwisho kabisa, na uangalie tarehe. Huenda yupo aliye hai bado.