Kura ya Uwindaji Yamnyima Kiptoo Kumuoza Bintiye

Saa kumi na moja alfajiri, gari jeupe linaacha lami na kuingia mchangani, nje ya jiji la Doha. Philipo Kiptoo anashuka wa kwanza. Mkononi amevaa glavu nene ya ngozi, na juu yake ametulia kozi, ndege wa kuwindia, wa kike aitwaye Rimali, kichwa kimefunikwa kofia ndogo ya ngozi ili asishtuke kabla ya kazi.

Anamsemesha kwa sauti ya chini, kwa Kinandi. "Huyu hajui Kiarabu," anatuambia, na hilo ndilo neno pekee atakalolitamka kwa tabasamu asubuhi yote.

Droni inapaa ikining'iniza fungu la manyoya. Kiptoo anamvua ndege kofia. Rimali anatazama huku na huku, anajikung'uta, kisha anaruka kwa nguvu hata mkono wa mlezi wake unarudi nyuma. Punde ameshanasa chambo angani na kushuka nacho mchangani, na Kiptoo anamnyofolea nyama ya kware kama malipo.

Ameiva ndege huyu. Yuko tayari kuwinda, ila hana pa kwenda kuwinda. Na kwa kuwa Rimali haendi popote, Kiptoo, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, hatakuwapo nyumbani kwake karibu na Kapsabet siku binti yake wa kwanza atakapotolewa mahari mwezi huu.

Utauliza, ndege na mahari vinahusiana wapi? Twende polepole.

Kiptoo ni mtunza kozi katika nyumba moja mtaani Al Thumama. Alikuja Qatar miaka saba iliyopita akawa mlinzi wa hoteli kwenye kisiwa cha The Pearl. Alipochoka kusimama mlangoni akiwasalimu watu wasiomjibu, akasikia kuna bwana anatafuta mtu mtulivu wa kukaa na ndege. Utulivu anao. Hulipwa riyal elfu mbili kwa mwezi, chumba na chakula juu, na sehemu kubwa humtumia mkewe, Hannah.

Mwajiri wake, Abu Ghanim, ni mdogo kwake kiumri, lakini Kiptoo humwita "Baba" kama wafanyakazi wote wa nyumba ile. Kila majira ya baridi Abu Ghanim huomba kibali cha kwenda nchi ya nje kuwinda tandawala, yule ndege mkubwa wa nyikani ambaye Waarabu humwita hubara. Vibali ni vichache na waombaji ni wengi. Akipata, huondoka na kozi wake wote, na huko kambini huhudumiwa na watu wa huko huko. Kiptoo hubaki hana kazi.

Likizo yake ni moja kila baada ya miaka miwili, nayo ina milango miwili tu. Ama aende Agosti, wakati kozi wananyonyoka manyoya na hawarushwi, ama aende bwana wake akiwa mawindoni. Nje ya hapo haendi, kwa sababu kozi katikati ya msimu haachiwi mtu asiyemzoea.

Agosti iliyopita Abu Ghanim alimwambia, "Philip, nenda sasa ukaone watoto." Kiptoo akakataa.

"Nilikataa kwa mdomo wangu mwenyewe," anasema, akimfuta Rimali vumbi mguuni. "Nilimwambia, Baba, nitakwenda Disemba ukiwa mawindoni. Akacheka, akasema sawa. Ningekuwa na akili ningepanda ndege siku ile ile."

Akili alikuwa nayo, ukweli usemwe. Kwao siku ya koito, pale upande wa mume unapokuja kukubaliana mahari, watu huipanga Disemba, ndugu wa Nairobi na Eldoret wakiwa wamerudi. Na chama cha wawindaji, kinachogawa vibali, kilikuwa na utaratibu wake: ukikosa kibali mwaka huu, mwaka ujao unasogezwa mbele kwenye foleni. Abu Ghanim alikuwa amekosa misimu minne. Barazani kwake kila mgeni alimpongeza mapema. Kiptoo naye akaamini, akapiga simu nyumbani, akasema panga siku.

Koito hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa ajili yake. Hannah alimsihi waifanye Agosti na wachache waliopo. "Nilimwambia hapana, Velma ni kifungua mimba, ataolewa watu wote wakiona. Nilitaka sifa. Sasa sifa nimeipata."

Oktoba sheria ikabadilishwa. Vibali vikapunguzwa kutoka sitini hadi ishirini, na foleni ikafutwa. Majina yote yakatupwa kwenye kura moja, aliyesubiri miaka minne sawa na aliyeomba jana.

Jioni ya habari hizo baraza lilijaa wanaume wenye hasira. Kahawa ilipoa vikombeni. Kiptoo alikuwa kando ya ukuta na Rimali mkononi, kwa maana kozi huzoezwa kelele za watu. "Baba alikuwa akiuliza, kusubiri kwangu kumekwenda wapi? Na mimi nilikuwa na swali lilo hilo, lakini mimi si wa kuuliza pale."

Subira huvuta heri, tumeambiwa tangu utotoni. Ya hawa wawili ilivuta kura, na kura ikawakataa. Matokeo yalikuja Jumanne kwa ujumbe wa simu. Abu Ghanim alikwenda mwenyewe hadi chumba cha ndege, akakaa chini kwenye mchanga karibu na vigingi wanavyotua ndege.

"Aliniambia, tumekosa, Philip. Sote tumekosa. Nikaona macho yake mekundu kweli. Basi nikajipa moyo nikamwomba wiki mbili tu. Akaniwekea mkono begani, akasema baada ya msimu, Machi, inshallah. Hakusema kwa ubaya. Hata kumchukia nimeshindwa."

Faridah, mpishi wa nyumba ile, Mganda wa kutoka Jinja, anasema tangu siku hiyo sahani ya Kiptoo hurudi jikoni ilivyotoka. "Namwambia, Baba Velma, hata chai basi? Ananiambia asante dada, nimeshiba. Ameshiba nini, naye hajala?"

Kiptoo aliomba koito isogezwe hadi Machi. Wazee wa upande wa Mike, mwalimu wa sekondari anayemposa Velma, walikataa, na huwezi kuwalaumu. Walisema ng'ombe wa mahari wametengwa tangu mwaka juzi na sasa wanazaliana zizini. Kama baba hamtaki kijana wao, aseme wazi wakatafute kwingine.

"Mimi simkatai. Nitamkataaje mtu ambaye sijawahi hata kumshika mkono?"

Jua limepanda tunaporudi Al Thumama. Kiptoo anampima Rimali kwenye mizani, anamrudisha kwenye kigingi chake, chumba kikiwa na ubaridi mwingi zaidi wa kiyoyozi kuliko chumba anacholala yeye. Simu inaita. Ni Velma. Kiptoo anaiweka sauti ya juu, labda kwa kuwa hataki kuisikiliza peke yake.

"Baba, shikamoo. Umeamkaje?"

"Marahaba, mama. Niko tu."

"Tumekaa na mama jana. Tumeonelea tuendelee. Baba mdogo Job atakaa mahali pako."

Kiptoo anatazama mlango. "Na siagi? Nani atawapaka?"

Katika ukoo wao, mazungumzo yakiisha, baba huwapaka binti na mume wake siagi na kuwabariki.

"Yeye pia, Baba. Usijali. Tutakupigia video."

"Sawa, mama. Mwambie Job asisahau kumuuliza Mike kama atakuangalia vizuri. Amuulize mbele ya watu."

"Nitamwambia."

Simu ikikatika, anakaa amejiinamia, na mtu mzima analia bila kujificha. Rimali anageuza kichwa kumtazama. Maji yakimwagika hayazoleki, na Kiptoo analijua hilo kuliko yeyote.

Baadaye, akiwa ameshanawa uso, anaulizwa ana mpango gani.

"Machi, Baba akikumbuka, nitakwenda. Asipokumbuka, nitangoja Agosti, na safari hii sitasema hapana." Anavuta glavu na kuanza kuipaka mafuta isikauke. "Lakini nyumbani sitamkuta Velma. Atakuwa kwa mumewe, Kapsabet mjini. Nitapiga hodi kama wageni wengine. Naomba Mungu siku hiyo awe ndani mwenyewe, aje afungue yeye. Akifungua Mike, nitaanza kujieleza mimi ni nani."